Uchumba sugu kwenye jumuiya: nani anaweza kufunga ndoa sasa, nani bado, na karatasi gani zinahitajika?

KatibuJumuiya_Mwandiga (Kigoma)

Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu imeandika orodha ya kaya zinazoishi kinyumba bila ndoa, ili paroko ajue hali ilivyo kabla ya ndoa za pamoja baada ya mavuno. Orodha imezua maneno. Kuna wanaotaka wote wapelekwe altareni siku moja tumalize kazi. Kuna wanaosema hakuna kufunga mpaka mahari iishe. Na mzee mmoja anashikilia kwamba mtu akikaa na mwanamke miaka miwili tayari ni mume kwa sheria ya nchi, basi Kanisa linasumbua watu bure.

Bila kutaja majina, kaya ni za aina nne:

(a) Wote Wakatoliki, watoto watatu, mahari ilitolewa nusu na wazazi wa binti wamekaza.

(b) Mwanamke Mkatoliki, mwanaume Mwislamu wa Ujiji. Hawajafunga ndoa popote, si msikitini wala bomani. Mwanaume hamzuii mwenzake kwenda kanisani, ila kubatizwa hataki.

(c) Wote Wakatoliki, lakini mwanaume zamani alikuwa Mmoravian na alifunga ndoa na mwanamke Mmoravian kanisani kwao Urambo. Mke yule aliondoka. Wanajumuiya wanasema ile haikuwa ndoa ya Kanisa letu, haihesabiki.

(d) Mke na mume walioana kimila huko Igunga, wote wakiwa hawajabatizwa. Mke kabatizwa Pasaka iliyopita, mume bado.

Naomba wanaojua watusaidie: nani anaweza kufunga, anatakiwa kuleta nini, na wakati wanasubiri wanaruhusiwa nini na hawaruhusiwi nini.

---

Mwl_Kigango (Uyui, Tabora)

Milele amina, katibu. Nitajibu (a) kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayojaza vigango vyetu. Nyingine zina mafundo ya sheria, wapo humu wanaozijua zaidi.

Msimamo wa Kanisa haujifichi. Katekisimu namba 2390 inasema tendo la ndoa mahali pake ni ndani ya ndoa tu. Nje ya hapo ni dhambi nzito na inamweka mtu mbali na Komunyo. Namba 2391 inawajibu wale wa "tutafunga baadaye": nia ya kufunga mbeleni haigeuzi hali ya leo. Lakini Familiaris consortio, waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1981, namba 81, inawataka wachungaji waangalie kila kaya imefikaje hapo, na Amoris laetitia, waraka wa Papa Francis wa 2016, namba 294, inataja wazi watu wanaoishi hivyo kwa sababu sherehe imekuwa ghali mno. Hao ndio wa (a). Hawajaikataa ndoa, wamekwama njiani.

Ili ndoa ya Wakatoliki wawili iwe halali Kanisa linadai mambo matatu: ridhaa huru ya wote wawili, kusiwe na kizuizi, na wafunge mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka pamoja na mashahidi wawili (kanuni 1108 ya Sheria za Kanisa; kanuni zote nitakazotaja ni za humo). Mahari haimo. Suti, ukumbi na keki havimo.

Sasa mahari ikibaki nusu mnafanyaje? Msiende kwa wazazi na kanuni mkononi, mtafukuzwa, na kwa haki. Nendeni na mshenga yule yule aliyepeleka posa, mwenyekiti wa jumuiya na katekista. Andikeni karatasi moja: kilichotolewa, kilichobaki, kitalipwa lini na kwa nini (ng'ombe, mbuzi au fedha), na mwishoni mstari mmoja kwamba wazazi hawapingi ndoa kufungwa kanisani deni likiwa linaendelea kulipwa. Pande zote zisaini. Kinachowatisha wazazi ni kwamba kijana akishafunga hatarudi kulipa. Karatasi ikiwepo, wengi hulegea. Wakikataa kabisa, paroko bado anaweza kufungisha ndoa ya watu wazima. Upinzani wa wazazi unahitaji ruhusa ya askofu pale tu mmoja wa wachumba akiwa chini ya miaka 18 (kanuni 1071).

Baada ya hapo mambo huenda hivi. Wawili wanakwenda na barua ya jumuiya kwa katekista, kisha kwa paroko ambaye anafungua faili. Kila mmoja analeta cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa. Parokia nyingi hazipokei kilichozidi miezi 6. Kadi ya zamani haitoshi, kwa sababu kitabu cha ubatizo ndicho kinachoandikwa pembeni pale mtu anapofunga ndoa (kanuni 535). Kadi ya miaka ishirini iliyopita haiwezi kumwambia paroko kwamba bwana huyu alishafunga Kibondo. Hapa ndipo faili nyingi hulala. Mtu alibatizwa Burundi au Kongo, au kitabu kimepotea, basi anaambiwa asubiri, anasubiri mpaka wajukuu. Kanuni 876 inaruhusu ubatizo kuthibitishwa na shahidi mmoja anayeaminika, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Mwombeni paroko atumie njia hiyo. Ila kuthibitisha kwamba yuko huru kuoa ni jambo lingine; hapo watafutwe watu wawili waliomjua tangu ujana, wahojiwe na waandikwe.

Paroko atawahoji mmoja mmoja, si pamoja. Swali kubwa ni kama kuna anayesukumwa. Mimba, orodha ya jumuiya, au mjomba aliyetishia, vyote vinaweza kuharibu ridhaa (kanuni 1103 inahusu woga). Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka wote wapelekwe siku moja bila mahojiano. Ndoa za pamoja ni jambo jema, zinapunguza gharama, lakini kila jozi iwe na faili lake, mahojiano yake, mashahidi wake wawili, na ridhaa itamkwe na kila jozi kwa zamu yake.

Mafundisho hayana idadi ya wiki kwenye kanuni, kila parokia ina utaratibu wake. Kwa waliokwishaishi pamoja, msiwarudishie somo la "kuchagua mchumba". Wafundishwe kwamba ndoa ni ya mmoja na mmoja mpaka kifo, wafundishwe uzazi wa mpango wa asili, na mambo ya fedha na madeni, maana ugomvi wao mwingi umelala hapo.

Matangazo Jumapili tatu mfululizo. Sheria ya Ndoa ya nchi nayo inataka taarifa siku 21 kabla, kwa hiyo vyote viwili huenda pamoja ukipanga vizuri. Kwa faili lisilo na fundo, tangu barua ya jumuiya mpaka ndoa ni miezi miwili au mitatu hivi.

Kuungama: padre hawezi kuwaondolea dhambi watu wanaosema wataendelea vilevile. Wakiwa kwenye matangazo na tarehe ipo, wanaombwa waishi kama kaka na dada mpaka siku ile, wanaungama, na siku ya ndoa wanapokea. Na Kipaimara: kanuni 1065 inasema wapewe kabla ya ndoa *kama inawezekana bila usumbufu mkubwa*. Kukikosa hakuzuii ndoa. Wapo wanaorudishwa nyumbani miaka miwili wasubiri askofu apite, na wanarudi kulala kitanda kilekile.

---

MsomaKanuni (Tabora mjini)

Mwalimu kamaliza (a). Naanza na (d), kwa sababu hiyo kaya haikutakiwa kuwa kwenye orodha.

Watu wawili wasiobatizwa wakioana kwa mila zao, kwa ridhaa na bila kizuizi, hiyo ni ndoa halali na Kanisa linaitambua. Utaratibu wa padre na mashahidi unambana Mkatoliki (kanuni 1117), na siku ile hakukuwa na Mkatoliki. Ubatizo wa mke haukuivunja. Yeye si wa uchumba sugu, ni mke wa mtu, na asizuiwe Komunyo kwa sababu hiyo. Mume akibatizwa siku moja, ndoa hiyohiyo inakuwa sakramenti bila kutamka upya chochote. Msiwafungishe tena. Mkitaka kufurahi nao, padre awape baraka ya wanandoa.

Ila muulizeni mume swali moja: huyu ni mke wake wa kwanza na wa pekee? Kama kulikuwa na mwingine mbele yake aliye hai, hesabu inabadilika. Mume asiyebatizwa mwenye wake kadhaa wasiobatizwa anaangukia kanuni 1148. Akibatizwa, anapaswa kubaki na wa kwanza. Ikiwa ni vigumu, anaweza kubaki na mmoja wa wale wengine, wafunge kwa utaratibu wa Kanisa, na analazimika kuwatunza kwa haki wale anaowaacha pamoja na watoto. Kipande hicho cha mwisho husahaulika sana huku kwetu. Mzee anabatizwa kwa shangwe, na mama wa watu anarudi kwao mikono mitupu.

(c) ni kinyume chake. Jumuiya inadhani hakuna kitu, kumbe kipo. Wamoravian ni Wakristo waliobatizwa. Wawili kati yao wakifunga kanisani kwao, ndoa ni halali, na kwa waliobatizwa ndoa halali ni sakramenti papo hapo (kanuni 1055). Bwana huyu kujiunga na Kanisa Katoliki baadaye hakukufuta kitu. Ana kizuizi cha kifungo cha ndoa ya awali, kanuni 1085, na hakuna paroko wala askofu anayeweza kukiondoa kwa barua. Hali ni hiyohiyo kwa Waanglikana wa Kasulu, Walutheri na wengine. Talaka ya mahakama ya nchi nayo haikivunji.

Njia zilizopo ni mbili. Kama mke wa kwanza amefariki, cheti cha kifo kinamaliza. Kama yu hai, bwana apeleke shauri mahakama ya Kanisa kuomba ichunguzwe kama ndoa ya Urambo ilikuwa batili tangu siku ilipofungwa. Mahakama haiulizi "mlishindwana wapi?" Inauliza siku ile kulikosekana nini: alilazimishwa, alificha jambo zito, hakuwa na akili timamu ya kuahidi, au alikuwa na nia ya kutokuwa mwaminifu. Kugombana baada ya miaka mitano si sababu, ila kunaweza kuwa dalili ya kilichokuwepo mwanzo. Aandae cheti cha ndoa ile, hukumu ya talaka kama ipo, vyeti vya ubatizo, maelezo yake ya kurasa mbili au tatu yenye tarehe, na watu watatu hivi walioijua ndoa hiyo *mwanzoni*, siyo majirani wa sasa. Mke wa zamani lazima ajulishwe na asikilizwe. Papa Francis alirahisisha taratibu hizi mwaka 2015: hukumu moja inatosha badala ya mbili, na kuna njia fupi mbele ya askofu kama wote wawili wanakubali na ushahidi uko wazi. Jibu linaweza kuwa hapana. Msimwahidi mtu tarehe ya ndoa kabla ya hukumu, wala msimweke kwenye ndoa za pamoja.

Wakati wanasubiri, na kama watoto hawawaruhusu kuachana, Familiaris consortio 84 inawaita washiriki Misa, sala, matendo ya huruma na malezi ya watoto. Komunyo ni kwa wanaokubali kuishi kama kaka na dada, bila kukwaza wengine. Amoris laetitia, sura ya nane, imefungua mlango wa kupima hali ya mtu mmoja mmoja akiwa na muungamishi wake. Hilo ni lake na padre wake, halipigiwi kura kwenye jumuiya.

(b) inawezekana kabisa, na wengi hawajui. Mkatoliki na asiyebatizwa wana kizuizi cha tofauti ya dini (kanuni 1086), lakini hiki askofu anakiondoa. Masharti yako kanuni 1125: mwanamke Mkatoliki atangaze kwamba ataepuka hatari ya kuacha imani, na aahidi kufanya yote awezayo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki, mwanaume *ajulishwe* ahadi hiyo, wote wafundishwe kwamba ndoa ni ya mke mmoja na haivunjwi. Angalieni ahadi ni ya nani. Makosa ninayoyasikia mara kwa mara ni kumlazimisha Mwislamu asaini kwamba watoto watabatizwa, naye anaondoka asirudi. Sheria haidai saini yake hiyo. Inadai aelewe, na akubali ndoa ya mke mmoja kwa dhati. Hilo la pili ndilo la kumuuliza mara mbili, kwa utulivu, bila mchumba wake kuwepo. Akisema moyoni anabakiza nafasi ya mke wa pili, ridhaa yake ina ufa na ndoa haitasimama.

Ndoa yao hufungwa kwa ibada bila Misa, kanisani au mahali pengine panapofaa (kanuni 1118). Itakuwa halali, ingawa si sakramenti mpaka mume abatizwe. Na ndugu wa Ujiji wakisema "sasa mpitie na kwa shehe," jibu ni hapana kwa upole: kanuni 1127 inakataza ibada nyingine ya kutoa au kurudia ridhaa, kabla au baada. Chakula cha ndugu na dua zao nyumbani havikatazwi.

Barua ya kuomba kuondolewa kizuizi huandikwa na paroko kwenda ofisi ya askofu pamoja na faili lote. Ikienda bila mahojiano ya mwanaume, inarudishwa.

---

Wakili_wa_Reli (Tabora)

Kuhusu mzee wa miaka miwili. Anachokitaja ni kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hakisemi "mmekuwa mke na mume." Kinasema ikithibitishwa mwanaume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna ambayo jamii inawajua kama mke na mume, mahakama itachukulia kwamba walioana, *mpaka ithibitishwe vinginevyo*. Ni dhana inayoweza kupinduliwa. Upande wa pili ukionyesha kwamba mwanaume ana ndoa ya mke mmoja mahali pengine, dhana inaanguka, kwa kuwa mwenye ndoa ya namna hiyo hana uwezo wa kuoa mwingine. Kwa hiyo mwanamke wa (c) ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote, kama ndoa ya Urambo haijavunjwa mahakamani. Na hata dhana ikianguka, mahakama inaweza kuamuru matunzo yake na ya watoto.

Kifungu hicho kipo kumlinda mtu asitupwe nje, na kwa kawaida kinafanya kazi mkishagombana au mmoja akishakufa. Hapo ndipo mashahidi huitwa kueleza kama mlionekana mke na mume, na ndugu wa marehemu watasema alikuwa mpangaji. Cheti cha ndoa kinafuta mjadala huo wote.

Mengine mawili kwa kifupi. Kutokamilika kwa mahari hakubatilishi ndoa, kifungu cha 41 kinasema hivyo. Mahari iliyobaki ni deni kama deni lingine. Na ndoa iliyofungwa kwa namna ya Kiislamu au kimila, sheria huichukulia kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo mpaka ithibitishwe vingine, wakati nyingine zote huchukuliwa kuwa za mke mmoja (kifungu cha 10). Kwa hiyo wa (b) wakifuata alichoeleza MsomaKanuni, mwanamke analindwa pande zote mbili.

Padre mwenye leseni ya kufungisha ndoa anatoa cheti cha serikali palepale. Hakikisheni majina kwenye cheti yanalingana na kitambulisho cha taifa. Cheti kikisema Yohana na kitambulisho kikisema Juma, mjane atazunguka ofisi mpaka achoke.

---

MamaWAWATA_Nzega

Nawashukuru wote, ila mmesahau swali la katibu la mwisho, na ndilo linaloumiza kina mama.

Watoto wa wazazi wasiofunga ndoa wanabatizwa. Kanuni 868 inataka mzazi mmoja akubali na pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Ndoa ya wazazi haimo kwenye masharti. Paroko anaweza kuahirisha akiona hakuna tumaini kabisa, na aeleze sababu, lakini kumfanya mtoto chambo cha kuwavuta wazazi altareni sikubaliani nako. Kwenye kitabu, jina la baba huandikwa kama kuna cheti cha kuzaliwa kinachomtaja au akijitokeza mwenyewe kutamka mbele ya paroko na mashahidi wawili (kanuni 877). Mwambieni baba aje siku ile, asitume shangazi. Na wazazi wakifunga ndoa baadaye, watoto hao wanahesabika halali (kanuni 1139).

Kusimamia ubatizo au Kipaimara hapana, maana msimamizi lazima awe anaishi maisha ya imani yanayolingana na kazi hiyo, awe na miaka 16, na awe na Kipaimara na Ekaristi. Msimamizi mmoja anatosha, kwa hiyo msitafute wa pili wa kujazia. Ushahidi wa ndoa ni tofauti: shahidi anachotakiwa ni kuwepo, kuona na kuelewa. Kanuni haimdai zaidi ya hapo. Kwamba parokia nyingi zinataka wasimamizi wawe wanandoa wa Kanisa ni utaratibu mzuri wa kichungaji, siyo sharti la uhalali.

Kuimba kwaya, kusoma masomo, kuongoza jumuiya: hayo yako mikononi mwa paroko. Mengi huzuiliwa kwa nafasi za mbele. Kuhudhuria jumuiya, kutoa zaka na kupokea wanajumuiya nyumbani hakuzuiliwi na mtu.

Mazishi. Hapa tunakosea sana. Kanuni 1184 inawanyima maziko ya Kanisa wadhambi wa wazi *ambao hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu*, na ambao kuwazika kungekwaza waamini. Aliyemwita padre, aliyeomba rozari, aliyekuwa tayari kwenye mafundisho ya ndoa, ameonyesha dalili. Penye shaka, anaulizwa askofu. Mwenyekiti wa jumuiya hana mamlaka ya kutangaza msibani kwamba huyu hazikwi, wala kutumia kadi ya zaka kama kipimo.

Na mgonjwa akiwa mahututi, msikimbilie kusema "alikuwa mchumba sugu." Mwiteni padre. Kwenye hatari ya kufa, kama hakuna ndoa nyingine nyuma, wanaweza kufungishwa kitandani. Matangazo yanaachwa, na kiapo cha wenyewe kwamba wamebatizwa na wako huru kinatosha (kanuni 1068).

Lingine, hiyo orodha. Isisomwe kwenye jumuiya. Mpelekeeni paroko mkononi. Kaya ya (d) mmeidhalilisha kwa ndoa waliyokuwa nayo, na nani atawaomba radhi?

---

MsomaKanuni

Naongeza sentensi moja chini ya Mama, kwa sababu najua litaulizwa. Tamko la Roma la Desemba 2023 kuhusu baraka kwa walio kwenye hali zisizo za kawaida linahusu sala fupi ya papo kwa papo, isiyofuata kitabu cha ibada na isiyofanana na ndoa. Msiwape watu matumaini kwamba sasa "wanabarikiwa" na wamemaliza.

---

KatibuJumuiya_Mwandiga

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Kaya ya (d) nimeifuta, na Mama, orodha nimeichukua kutoka kwa mwenyekiti.

Maswali mawili. Mwanaume wa (a) anakwenda mashamba ya tumbaku Kaliua kuanzia msimu wa kupanda mpaka mavuno yaishe. Je, wanaweza kufunga huko? La pili, mwanaume wa (b) nimezungumza naye. Yuko tayari kwa mke mmoja, na mafundisho atahudhuria. Lakini anasema wazee wake wakisikia kasimama mbele ya padre watamkana. Bomani hana tatizo.

---

MsomaKanuni

La kwanza ni rahisi. Kanuni 1115 inaruhusu ndoa kwenye parokia ambako mmoja wao ana makazi, au amekaa mwezi mmoja tu. Kwa hiyo Kaliua inawezekana akishamaliza mwezi, au mwanamke akimfuata. Ila faili liwe limekamilika Mwandiga na mahojiano ya wote yawe yameandikwa kabla hajapanda treni, kisha paroko wenu atume kwa paroko wa huko kwa mkono wa mtu anayeaminika. Matangazo yasomwe sehemu zote mbili. Asiye na makazi maalum popote, anayezunguka kambi hadi kambi, anahitaji ruhusa ya askofu. Wa kwenu ana kwao, haimhusu.

La pili: mwambieni paroko aombe vitu viwili kwenye barua moja. Kwanza kuondolewa kizuizi cha tofauti ya dini, kama nilivyoeleza. Pili, kwa mujibu wa kanuni 1127, kuondolewa sharti la kufunga mbele ya padre, kwa sababu ya ugumu mzito. Barua iueleze ugumu wenyewe, yaani hatari ya kukanwa na ukoo, isiandikwe tu "sababu za kifamilia." Askofu akikubali, watafunga bomani, nayo itakuwa ndoa halali mbele ya Kanisa, kwa kuwa inachodaiwa hapo ni namna fulani ya wazi ya kufunga.

Utaratibu usigeuzwe. Jibu la askofu lije kwanza, ndipo watoe taarifa ya siku 21 kwa msajili, na waandikishe ndoa ya mke mmoja. Wakitangulia bomani kabla ya jibu, ndoa itakuwa batili kwa Kanisa, na mtaanza kuomba kitu kingine kigumu zaidi, yaani askofu aihalalishe tangu mwanzo wake. Siku ya pili baada ya bomani, mwanamke apeleke nakala ya cheti kwa paroko. Iandikwe kwenye kitabu cha ndoa cha parokia yake na ofisini kwa askofu, na taarifa iende kule alikobatizwa.